Chini ya Meza ya Kutobolea

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua masikio yako hayataki tena simu, kwa hiyo nakusalimu kwa kalamu, na dereva wa basi la asubuhi ameapa kwamba bahasha hii itafika mkononi mwako. Akiipoteza nitamkumbusha kiapo chake mbele ya abiria wake.

Huku tupo. Goti la Mama limekuwa kama mlango wenye bawaba mbovu: akikaa hainuki, akiinuka hakai. Wanangu wote wawili wametoka kwenye tetekuwanga, mmoja alipopona mwenzake akapokea zamu. Kuku wa Mama wamebaki watatu na hakuna anayekubali kuwa amewala. Arobaini ya Baba ilipita salama. Watu walikuulizia. Niliwajibu nilivyoweza.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi, mwalimu mkuu ameanguka! Nilimpelekea stuli kumi za mwanzo za maktaba ya shule, nikazipanga mstari mbele ya walimu wote, nikamwambia, "Karibu ukae, mama." Mama wa watu akakaa. Stuli ikainama kidogo upande wa kushoto, kwa adabu kabisa, halafu ikamlaza chini kama mtoto. Miguu juu, viatu huku, funguo kule. Walimu wakajaribu zile nyingine tisa. Zote zinaegemea upande mmoja, kushoto, utadhani zinasikiliza siri kwa jirani!

Nimechunguza. Miguu ni sawa, nimeipima mara tatu. Matundu ndiyo mabaya. Mashine ya Baba ya kutobolea, ile ya kusimama, inatoboa upande. Unakumbuka hakuruhusu mtu aiguse ile meza ya mashine. Hata kuipangusa vumbi alipangusa mwenyewe. Basi baada ya mazishi nilitaka kuishusha kidogo, nikalegeza bolti kubwa iliyo chini yake. Nadhani nimeharibu kitu.

Mwalimu mkuu amenipa nafasi moja. Anataka stuli thelathini zilizonyooka kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tano, la sivyo anaagiza za plastiki. Zikirudishwa tena, nafunga karakana ya Baba, kwa sababu hakuna atakayeniletea kazi nyingine.

Wewe ulifanya kazi na Baba miaka kumi na moja. Njoo, Shangazi. Hata siku mbili tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwanao,
Kidomo


21 Februari

Kidomo,

Marahaba. Mwambie mama yako asikalie kigoda kifupi, akalie kiti kirefu. Watoto wajikune wasijikune, makovu yataisha. Mimi nipo, masikio yangu yaliliwa na mashine lakini mikono bado ipo.

Kuja siji. Usinialike tena.

Ile bolti kubwa si ya kushushia meza. Ni ya kuilaza upande. Umeilaza meza. Fanya hivi, na usiruke hatua kwa sababu nakujua unavyoruka.

Kwanza chomoa umeme. Si kuzima, kuchomoa. Funga nywele na uvue hiyo bangili.

Toa kile kinachotoboa kwenye mdomo wa mashine. Tafuta waya mgumu, kama wa spoki ya baiskeli, ukunje kama kiwiko, ncha iangalie chini. Ukaze mdomoni. Pandisha meza mpaka ncha ya waya iguse ubao kidogo tu, kama unyoya. Sasa zungusha mdomo kwa mkono, polepole. Ncha itapita kushoto, mbele, kulia, nyuma. Inapokwaruza, hapo meza iko juu. Inapopita hewani, hapo iko chini. Waya haukudanganyi na hauna upendeleo.

Kushoto na kulia utarekebisha kwa ile bolti yako. Legeza robo tu, gonga meza kwa kiganja, jaribu waya, gonga tena, kaza. Mbele na nyuma hakuna bolti. Chuma kile kizito huwa kinainama mbele kikizeeka, kama sisi. Hapo lazima kuwe na kitu cha kuinulia kati ya meza ya chuma na meza ya mbao. Baba yako atakuwa aliweka kitu. Kiangalie kama bado kipo.

Ukimaliza hilo, angalia kile kibao cha katikati kinachochukua tundu. Kama kimetobokatoboka, tengeneza kipya. Kibao kilichochoka hakishiki nyuzi za mbao, na tundu linachanika kwa chini.

Stuli kuegemea upande mmoja si siri wala jirani. Ni wewe.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Goti limekubali kiti kirefu. Mtoto mdogo ameng'oka jino, amelitupa juu ya bati na sasa anadai jipya. Kuku ni wawili.

Nimefuata kila hatua, hata bangili nimevua. Waya wako, Shangazi! Miaka yote hii nimekuwa nikiamini macho yangu, kumbe kipande cha spoki kina akili kunizidi. Upande wa kushoto ulikuwa chini kwa unene wa kucha. Nimegonga, nimekaza, sasa kushoto na kulia ncha inapita kwa sauti ile ile moja.

Nikaenda mbele na nyuma. Nako kulikuwa sawa kabisa. Nikasema basi, nitoe ile meza ya mbao nisafishe kutu chini yake, maana nimeona wekundu pembeni. Nikafungua bolti nne zinazoishikilia, nikainua.

Kuna bahasha, Shangazi.

Imekunjwa mara mbili, imelazwa upande wa mbele, katikati ya chuma na mbao. Ndiyo iliyokuwa ikiinua meza. Imebanwa mpaka imekuwa ngumu kama kadibodi, ina mviringo wa kutu na mafuta. Mdomo wake umefungwa kwa gundi yetu ya mbao, ile ya njano. Juu yake pameandikwa "Kwa kaka yangu".

Nimeweka barua yako ya mwezi uliopita kando yake. Ile "k" yako yenye mkia mrefu hakuna mwingine anayeiandika.

Nilikaa chini kwenye maranda. Kila stuli, kila kitanda, kila mlango uliotoka karakana hii tangu nikiwa mdogo, matundu yake yalinyooka kwa sababu ya barua yako. Kwa nini Baba aliiweka pale? Uliandika nini? Mlikosana nini ninyi wawili? Niliuliza nikiwa na miaka kumi na miwili nikaambiwa nikacheze. Sasa nina thelathini na moja.

Sijaifungua. Nataka kuifungua mpaka mikono inaniwasha.

Kitu kingine, nimejaribu kurudisha meza bila bahasha. Imeinama mbele. Waya unapita hewani. Sitaki kuirudisha barua ya mtu chini ya chuma, na bila hiyo siwezi kutoboa. Mwezi wa tano si mbali.

Kidomo


28 Machi

Shangazi, shikamoo.

Dereva anasema alikupa mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama palepale stendi, kisha ukaondoka bila kumuaga, na wewe humuagi hata siku ambayo hujasoma kitu, kwa hiyo sijui nielewe vipi.

Mbao za stuli zimekauka vizuri. Nimezipiga randa zote. Nasubiri matundu tu.

Kidomo


24 Aprili

Kidomo,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa.

Pima unene wa bahasha ilivyokunjwa, kisha kata vipande vya bati la kopo, uvipange mpaka unene uwe huo huo. Mafungu mawili pembeni, moja katikati, yote upande wa mbele. Vigandishe kwa tone la gundi visihame. Rudisha meza, kaza bolti kwa mshazari, hii halafu ile ya kona ya pili, usikaze upande mmoja kwanza. Jaribu waya. Ukikwaruza mbele, punguza bati moja.

Kutu itoe kwa msasa laini na mafuta ya taa, ukaushe, upake nta ya mshumaa na usugue kwa kitambaa mpaka kiganja kiteleze. Kila Jumamosi, si kila unapokumbuka.

Ubao wa kuegemezea kazi uwe na mfereji mdogo chini. Vumbi la mbao lisipopata pa kwenda, linakaa kati ya ubao na kazi yako, na tundu linahama. Kazi ndogo ibane kwa jiliwa. Usiishike kwa mkono hata siku moja.

Ile bahasha usiifungue.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na hongera zako kwanza kabla ya ugomvi.

Zimenyooka! Stuli thelathini, matundu mia moja na ishirini, na mashine ilishuka kila mara kama inaingia kwenye njia yake. Vipande vya bati vilikuwa vinne kila fungu, tukapunguza kimoja, ukakubali waya wako. Nilizipeleka jana. Mwalimu mkuu alizunguka ile ya kwanza mara mbili kama mtu anayeogopa mbwa, kisha akamwita mlinzi, jitu kubwa kweli, akamwambia, "Kaa wewe kwanza." Mlinzi akakaa, akajitikisa, akauliza kama anaweza kwenda nayo getini. Hapo ndipo mama wa watu akakaa. Amenipa kazi ya meza za maktaba. Karakana haifungwi.

Sasa ugomvi. Shangazi, unanifundisha kukaza bolti kwa mshazari na hunijibu neno moja kuhusu bahasha yenye maandishi yako! Naifuta vumbi kila siku juu ya kabati la vyombo. Mama akiiona anageuza uso. Nimemuuliza, akasema, "Muulize mwenye mkono ulioiandika." Baba alikuwa mtu wa kusoma gazeti kila asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, chai mkononi. Mtu kama huyo anapataje barua ya dada yake na kuifanya kabari ya mashine? Alikuchukia kiasi hicho? Basi nitajua kwamba sikumjua Baba yangu.

Na wewe hukuja kumzika. Nilikuwa sitaki kuliandika hili. Nimeliandika. Nilikushikia nafasi kwenye mkeka mpaka jioni.

Niambie, au nifungue mwenyewe.

Kidomo


3 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Hongera kwa stuli. Mlinzi alikuwa kipimo kizuri.

Kaa chini kabla hujaendelea.

Baba yako alikuwa hajui kusoma.

Tarakimu alizijua, futi na inchi zilikuwa kichwani mwake kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Herufi hakuzijua hata moja. Tulipokuwa wadogo alitolewa shule ili mimi nibaki, kwa sababu mmoja ilibidi amsaidie baba yetu kupasua mbao. Hakunisema kwa hilo hata siku moja. Gazeti alikuwa anaangalia picha, na anageuza kurasa kwa mwendo wa mtu anayesoma. Nilimfundisha mimi ule mwendo.

Ndiyo maana nilikuwa karakana. Yeye alikuwa mikono, mimi nilikuwa macho. Mteja akija naandika oda kwenye karatasi, naibandika juu ya mbao za kazi hiyo. Yeye anatazama tarakimu na kuanza. Miaka kumi na moja hakuna aliyejua, isipokuwa mama yako, ambaye naye herufi hazijui na hajawahi kuona haja ya kuficha.

Wiki ile tulikuwa na kazi mbili. Sanduku la mablanketi na jeneza. Aliyefariki alikuwa yule mwalimu mrefu wa jirani. Nilikuwa nina haraka, nikabandika karatasi ya sanduku juu ya mbao za jeneza, na ya jeneza juu ya mbao za sanduku. Baba yako alifuata tarakimu alizoziona. Wafiwa walikuja kulichukua jeneza jioni, wakaenda nalo. Wakarudi baada ya saa moja, wanaume wanane, na jeneza mabegani.

Mwalimu hakuingia. Sitakuandikia walichojaribu kufanya ili aingie.

Walipiga kelele uani mpaka watu wa mtaa wakajaa. Mmoja akamuuliza baba yako kama alikuwa amelewa. Baba yako akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Dada, uliandika nini?" Na mimi nilikuwa nimeshaona kosa langu, karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Niliogopa wale watu. Nikaunyoosha mkono mbele ya wote nikamwambia, "Si hii hapa? Soma mwenyewe."

Akaichukua. Akaitazama kwa muda ambao mtu anayesoma angeutumia. Akasema, "Kosa langu. Nimesoma vibaya. Nisameheni."

Akatengeneza jingine na sikusikia neno lake tena. Kesho yake niliondoka.

Baada ya miezi mitatu nikaandika ile barua. Utaniuliza, nilimwandikiaje mtu asiyejua kusoma? Nilisema moyoni, binti yake yuko darasa la sita, atampa amsomee. Nikaandika kwa maneno mepesi ili usikwame. Nilieleza nilivyofanya, nikaomba radhi. Na mwisho kabisa nikaandika hivi: "Ukinisamehe, nitumie neno moja tu, hata kwa mdomo wa dereva wa basi. Nisiposikia kitu mpaka mwaka uishe, nitajua hutaki kuniona, na sitakanyaga hapo tena, wewe ukiwa hai wala ukiwa maiti."

Mwaka ukaisha. Yeye hakutuma neno. Na mimi nikatimiza nilichoandika, mpaka kwenye kaburi lake.

Sasa unaniambia kwamba ilikuwa chini ya meza, imefungwa kwa gundi. Kumbe hakukuonyesha. Alikuficha wewe pia. Nilimwadhibu miaka kumi na tisa kwa kutojibu barua ambayo nilijua hawezi kuisoma. Nimeliandika hili mara tatu na kuchana mara tatu, ndiyo maana nimechelewa.

Ichome moto.

Shangazi yako


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nilisoma barua yako nimesimama karakanani, nikaisoma tena nimekaa, na kwa mara ya tatu nilikuwa sioni herufi. Nikaenda kwa Mama. Nikamuuliza, "Mama, Baba alikuwa hajui kusoma?" Akaendelea kuchambua mchele. Akasema, "Alisema ukijua utamwonea huruma. Hakutaka huruma ya mtoto." Basi. Miaka yote ile! Chupa za dawa: "Nisomee, miwani yangu imebaki karakanani." Nikimfuata karakanani: "Nisomee, miwani imebaki nyumbani." Ile miwani ilikuwa na miguu na mimi nilikuwa nacheka.

Sikuichoma. Nisamehe. Nimeifungua.

Nilipitisha patasi nyembamba kwenye gundi. Nikaona kitu ambacho hata wewe hukukijua, Shangazi. Bahasha ilikuwa na gundi tabaka juu ya tabaka. Ilifunguliwa na kufungwa, ikafunguliwa na kufungwa, sijui mara ngapi. Barua yako ina mistari kumi na moja. Chini ya maneno, kuanzia "Kaka", kuna alama ya penseli. Ile penseli yetu bapa ya kuchoria mbao. Alama ndogo, moja kwa kila neno, neno baada ya neno.

Na yale maneno nayajua.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumamosi Baba alikuwa ananiita karakanani na kunipa kipande cha mbao. Juu yake ameandika neno moja, kwa herufi kubwa zilizopinda, kama mtu anayechora nyumba. "Hili nani analijua?" anasema. Mimi nilidhani ananipima masomo. Nalisoma kwa sauti, ananiambia nirudie, halafu ananipa njugu. Neno moja kwa Jumamosi, wakati mwingine mawili. "Karatasi." "Haraka." "Niliogopa." Siku moja lilikuwa "jeneza", nikamuuliza, "Baba, nani kafa?" Akasema hakuna, ni oda. Siku nyingine lilikuwa "aibu". Hakuniomba nirudie hilo.

Nilimsomea barua yako, Shangazi. Neno kwa neno, miaka miwili, na sikujua kwamba ninasoma barua. Alikuwa anayachora maneno kama yalivyo, ananiletea, anasikia yanavyotamkwa, anarudi kuweka alama. Mstari wa nane unaishia "nisamehe, kaka yangu". Maneno yote hayo yana alama.

Mstari wa tisa unaanza na neno "Ukinisamehe". Hilo halina alama. Limezungushiwa duara. Baada ya hapo hakuna penseli tena mpaka mwisho.

Duara hilo nalijua pia. Sitaki kuliandika lakini wewe umeandika lako.

Nilikuwa nimekwenda shule ya bweni. Nikarudi likizo, nina miaka kumi na minne, najiona mtu mzima. Nilikuwa getini na wenzangu watatu, tumevaa vizuri, tunatoka. Baba akaja kutoka karakanani, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, na kibao mkononi. Kilikuwa kirefu kuliko vile vingine kwa sababu neno lilikuwa refu. Akasema, "Mama, kabla hujaenda, hili nani analijua?" Wenzangu wakatazamana. Niliona haya. Nikamwambia, "Jamani Baba, soma mwenyewe!"

Maneno yale yale, Shangazi. Mbele ya watu.

Akacheka. Akakiweka kile kibao kwapani, akasema, "Haya, msichelewe." Hakuniletea kingine tena.

Kidomo


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Wiki ya kwanza nilikukasirikia. Nakuambia kwa sababu sitaki tena kumficha mtu wa kwetu kitu. Nilijisemea, neno moja tu, mtoto huyu angesoma neno moja, kaka yangu angeendelea na mstari. Nilikukasirikia kweli, mpaka nikashindwa kula.

Wiki ya pili niliona haya. Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilijua nilichokuwa nafanya siku ile uani, na nilijua nilipoandika, na nilijua kila mwaka nilipohesabu kimya chake. Kosa lako lilikuwa la mtoto wa miaka kumi na minne. Langu lilikuwa la mtu mzima. Usilibebe langu pamoja na lako.

Nisikilize sasa. Nimekuwa nikifikiri kwamba kaka yangu alikufa hajasikia nikiomba radhi. Unaniambia alifika mwisho wa mstari wa nane. Basi alisikia. Alichukua miaka miwili kusikia, lakini alisikia, na kwa sauti yako. Kilichobaki ni masharti yangu, na yale sikupaswa kuyaandika.

Sijui kama alinisamehe. Wala wewe hujui, kwa hiyo usiniandikie kunifariji.

Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Kaburini tutakwenda baadaye, wewe na mimi na mama yako, kama goti litaruhusu. Kwanza nataka kufika pale uani. Usije stendi kunipokea, na usimtume mtu. Acha mlango wa karakana wazi, endelea na kazi yako, niache nitembee mwenyewe mpaka ndani.

Shangazi yako